Breki Kubwa za Mtu Asiyekimbia

Baba yangu ana gari linaloweza kwenda kilomita mia mbili na arobaini kwa saa. Hajawahi kupita themanini. Nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo miaka tisa, na naweza kuapa mbele ya hakimu yeyote.

Kazini ni karani wa masjala. Siku nzima anatafuta faili ambalo mwenye nalo keshakata tamaa. Nyumbani anakula taratibu, anatembea taratibu, na akianza kusimulia jambo unaweza kwenda kuoga ukarudi ukamkuta palepale. Mtu wa namna hii ungemtegemea anunue baiskeli. Yeye alinunua gari la dizeli lenye turbo, jeusi, lenye sauti ya simba aliyebanwa na mafua.

Na gari lenyewe, pamoja na kasi yake yote, kazi yake kubwa ni kutusubirisha. Asubuhi lazima taa ndogo ya dashibodi izime kwanza, injini ipate joto. Baada ya hapo baba anaiacha ingurume dakika tano ili oili ipande. Mkifika mwendako, hazimi. Anakaa dakika mbili nzima akitazama saa, turbo ipoe. Mama alikwishazoea kushuka, kusalimia wenyeji, kuulizwa hali ya mumewe na kujibu, "Hajambo, anapoa."

Kwenye kisanduku cha dashibodi kuna daftari lenye jalada gumu. Baba amelichora safu nne kwa rula: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, na fundi. Kubadilisha oili, kumwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli, kuangalia mikanda, yote yamo. Safu ya fundi ina neno moja kutoka ukurasa wa kwanza: "Mimi." Hata siku alipopeleka gari gereji kwa Kimya, akasimama pembeni ameshika tochi, aliandika "Mimi." Kimya ndiye fundi wake wa siku zote, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Kwa siku anasema maneno kama kumi, mengine anakwenda nayo nyumbani.

Mwaka huu baba aliamua kubadilisha breki.

"Zina ubaya gani?" mama aliuliza, sindano mdomoni. Mama ni fundi cherehani, na hapo alikuwa anapinda suruali ya mtu.

"Hazina ubaya. Ni ndogo."

"Lakini wewe hukimbii."

"Breki si za mwendo wangu, mama watoto," baba akasema kwa upole wa mwalimu wa chekechea. "Ni za mwendo wa gari."

Basi zikaja diski mbili za mbele, kubwa kama sinia, na kalipa nyekundu, yaani yale makucha ya chuma yanayoziminya pedi kwenye diski. Za nyuma alisema zinatosha. Kwa ukubwa wake hazikuingia ndani ya magurudumu ya zamani, ikabidi anunue manne mapya, mapana, yenye tairi nyembamba. Kimya alifunga kila kitu siku moja, akafuta mikono, akauliza, "Na spea?"

"Spea ipo. Nimeijaza upepo mwenyewe," baba akajibu.

Kimya akamtazama. Alishamaliza maneno yake ya siku hiyo, akaenda zake.

Pedi mpya sharti zizoeshwe diski zake. Unafika themanini, unakanyaga breki mpaka kumi, lakini husimami kabisa. Unaondoka tena, mara kumi mfululizo. Baba alinichukua nimhesabie. Tulipofika ya saba, askari wa barabarani akatupungia mkono. Mtu mwingine angesimama. Baba akapunguza mpaka mwendo wa mguu, akashusha kioo, akaamkia kwa heshima.

"Simamisha gari!" askari akasema, akitembea kando yetu.

"Samahani afande, siwezi. Nimebakiza tatu."

"Tatu za nini?"

Baba akaanza kumweleza, na baba akianza kueleza mnajua. Askari alikuwa na kitambi cha heshima. Alitembea, akakimbia kidogo, akashika mlango, akaachia. Mwisho akasimama mikono kiunoni. "Nenda mzee! Nenda, lakini usirudi hapa!"

"Afande wangu, nitarudi. Ndiyo njia ya nyumbani."

Nilitamani kuingia chini ya kiti. Baba jioni ile aliandika: "Pedi zimezoeshwa. Fundi: Mimi."

Sasa niseme la mama, maana hapa ndipo penye uzito. Mama ameshona miaka thelathini bila karatasi hata moja ya kumtambua. Chuo cha ufundi cha mtaani kwetu kinamtaka afundishe ushonaji, lakini kinataka cheti, na mtihani wa cheti hufanyika mara moja kwa mwaka katika chuo cha mji ulio kilomita mia moja na ishirini kutoka kwetu. Lango hufungwa saa tatu kamili. Mwaka jana alikwenda kwa basi, basi likaharibika, akafika saa tatu na dakika kumi. Alirudi nyumbani na mkasi wake kwenye mfuko. Kesho yake akasema, "Nikifungiwa lango tena, cherehani nauza." Mama si mtu wa vitisho. Chuo cha mtaani nacho kilikuwa kimemwekea nafasi mpaka mtihani wa mwaka huu tu.

Baba akampa neno lake. "Mwaka huu nakupeleka mimi. Basi ni la kubahatisha."

Siku yenyewe tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, baada ya taa, baada ya oili. Baba alivaa suti. Mama alikuwa amekata kucha na kunawa mikono mara tatu, kwa sababu mtihani ni wa kitambaa cheupe na doa moja linakula alama. Futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni. Mimi nilikuwa nyuma na mfuko wa mikasi, nimeomba ruhusa duka la dawa ninakofanya kazi. Tukaenda themanini. Malori yalitupita. Basi la mwaka jana likatupita, na mama akaligeuzia shingo mpaka likapotea.

Saa moja na robo, katikati ya safari, pakalia kishindo upande wa kushoto mbele. Baba akakanyaga breki, tukasimama papo hapo kama tumegongeshwa ukutani.

"Mmeona?" akasema, uso unang'aa. "Mmeona breki hizo?"

Tulishuka tukaona tairi. Kipande cha chuma kilikuwa kimelichana ubavuni, jeraha la kuingiza mkono. Hapakuwa na kuziba hapo. Baba hakutishika. Alivua koti, akalikunja, akanikabidhi. Alipiga jeki, akatoa gurudumu lililochanika, akatoa spea kwenye buti, safi, imejaa upepo. Akaipandisha mahali pake. Ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akaisukuma kwa goti, ikagonga ile kalipa nyekundu ikalia ngo, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Spea ilikuwa gurudumu la zamani. Breki mpya hazikuingia katika magurudumu ya zamani, na baba ndiye aliyelijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Kila Jumamosi alikuwa anaijaza upepo. Hata siku moja hakuwahi kuijaribu.

Akampigia Kimya. Alikuwa ameweka sauti nje, tukasikia wote.

"Haiingii," baba akasema.

"Haiwezi kuingia," Kimya akajibu. "Nilikuuliza."

Baba akakata simu. Aibu ilimshika mpaka masikioni, na bila shaka Kimya upande wa pili alikuwa bado na neno moja au mawili ya kutufaa. Alipompigia tena, simu haikupokelewa. Baba akaanza kumenyana na lile gurudumu kwa nguvu, kisha kwa maombi, kisha akatafuta tupa ili aisugue kalipa. Tupa yenyewe hakuwa nayo. Saa moja na nusu ikapita, saa mbili kasorobo ikapita. Tukasimamisha magari, yaliyosimama yalikuwa yamejaa, mengine yalipiga honi yakaenda. Mimi, niseme kweli, nilimkasirikia. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, nikayatafuna.

Saa mbili kasoro dakika kumi baba akakaa chini kando ya barabara, na suruali yake ya suti, akashika tama. "Nimekuangusha, mama watoto," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. Sijawahi kumsikia hivyo.

Mama alikuwa amesimama muda wote huo ameinua mikono juu, ili isiguse kitu, mithili ya mtu aliyetekwa nyara. Akasema, "Inuka. Mwanangu, chukua futi hii."

Nikaivua shingoni mwake. Akaniamuru nipime uwazi wa ndani wa spea, yeye akisoma namba bila kugusa. Inchi kumi na nne na nusu. Nipime breki za mbele, kutoka ukingo hadi ukingo. Kumi na tano na robo. Halafu akazunguka nyuma ya gari, akainama. "Na hizi hukuzibadilisha?"

"Za nyuma zinatosha," baba akasema.

Nikapima kwa kupenyeza futi kati ya matundu ya gurudumu. Kumi na mbili, labda na kidogo.

"Baba watoto," mama akasema, "nguo ikipungua kitambaa mbele, mimi nafanya nini? Nachukua cha nyuma nalipa mbele, kiraka kinakaa mgongoni. Toa gurudumu zima la nyuma ulilete hapa. Hiyo spea yako iende nyuma."

Baba akaitazama jeki. "Jeki ni moja," akasema.

"Basi, gurudumu lile bovu lirudishe kwanza mahali pake, lishike tu. Ni bandi hiyo, mshono wa muda, utaifumua. Ukimaliza nyuma, unarudi mbele."

Baba yangu, mtu wa taratibu, alipiga jeki mara mbili kwa kasi ambayo sijaiona tena. Nilimshikia nati. Mama alizunguka na mikono yake juu akisimamia, "Kaza hiyo. Si hiyo, ya pili yake. Unapindisha." Saa mbili na dakika kumi na tano tukaondoka.

"Na spea hii," baba akasema akihema, "hairuhusiwi kupita themanini."

Nilicheka mpaka machozi. Kwa mara ya kwanza maishani mwendo wake ulikuwa na sababu.

Tuliingia mjini saa tatu kasoro dakika tano. Taa za barabarani zote zilikuwa nyekundu, kana kwamba zimepatana. Tulipokata kona ya mwisho, mlinzi wa chuo alikuwa ameshashika lango, analivuta. Baba akakanyaga mafuta. Kwa mara ya kwanza nikasikia ile turbo ikipiga mluzi, nikabamizwa kwenye kiti, na lango likatujia mbio. Halafu akakanyaga breki. Gari lilisimama limenyooka, hatua moja kutoka kwenye magoti ya mlinzi, ambaye mikono yake ilikuwa imeachia lango na kushika kichwa.

Mama alishashuka. "Shikamoo mzee, samahani, mtahiniwa," akasema, akapita, mfuko wa mikasi nimemtundikia begani, mikono bado juu.

"Zima gari!" mlinzi akafoka alipopata sauti.

"Dakika mbili," baba akasema. "Linapoa."

Niwaondoe wasiwasi: alifaulu. Cheti kilikuja baada ya wiki saba, na sasa anafundisha. Lakini nataka kusema habari ya alasiri ile.

Mtihani uliisha saa tisa. Tulimngoja mama ndani ya gari, kando ya ukuta wa chuo. Baba alikuwa kalala kwenye usukani, mafuta meusi mpaka kwenye kola. Mama akanirudishia mfuko wa mikasi, akaingia mbele polepole asimwamshe. Akafungua kisanduku cha dashibodi kutafuta kitambaa cha kujifutia jasho, akakutana na daftari. Akalifunua ukurasa wa mwisho. Nikachungulia juu ya bega lake.

Tarehe. Kilomita. "Tairi la mbele kushoto limechanika. La nyuma limehamishiwa mbele, spea nyuma." Na kwenye safu ya nne, chini ya kurasa nzima za "Mimi", baba alikuwa ameandika jina la mama. Majina yote matatu, kwa herufi kubwa, kama yanavyoandikwa kwenye cheti.

Mama alilishika lile daftari muda mrefu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mfuko wa mikasi.

Kisha akamgusa baba begani. "Wewe. Gurudumu likifunguliwa, si ulisema nati zinakazwa tena baada ya kilomita hamsini?"

Baba akashtuka usingizini. "Hamsini, ndiyo."

"Tumekuja sitini."

Baba akaruka nje, akafungua buti, akatoa spana. Mama akamfuata. Mtihani ulikuwa umekwisha, mikono yake haikuwa na cha kuogopa tena. Akamnyang'anya ile spana, akapiga goti kando ya gurudumu la nyuma, akaanza kukaza, na baba akasimama pembeni ameshika tochi mchana kweupe.