Bao la Neema Kule Iyula

Sababu ya safari hii ilikuwa Neema. Nilipotoka Vihiga, Kenya, kuja kufundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi hapa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, sikumjua mtu yeyote. Muhula wa kwanza niliumaliza kati ya darasa na chumba changu cha kupanga, nikisikiliza malori yakinguruma kwenye foleni ya kuvuka mpaka. Neema, mwalimu wa darasa la kwanza, ndiye peke yake aliyenigongea mlango siku za Jumapili kuniuliza kama nimekula. Kwa hiyo aliponiambia, "Twende kwetu Iyula ukanione nikicheza mpira. Goti limechoka, hii ndiyo mechi yangu ya mwisho," sikungoja kubembelezwa.

Jumamosi asubuhi tulipanda basi la kuelekea Mbeya. Njiani Neema alinieleza kwamba timu ya wanawake ya kijijini kwao haijawahi kuifunga timu ya kijiji cha Galula hata mara moja. Lakini si hilo lililomkosesha usingizi. Mama yake, ambaye miaka yote alikuwa akisema mpira si kazi ya mwanamke, alikuwa ameahidi kuja kutazama.

"Hajawahi kuniona uwanjani," Neema alisema, akiangalia nje dirishani. "Leo nikifunga naye yupo, hata nikistaafu kesho, sawa tu."

Mlowo tulishuka, tukachukua bodaboda. Kuanzia hapo ni barabara ya vumbi jekundu, mibuni huku na huku, na kahawa imeanikwa kwenye vichanja mbele ya nyumba. Upepo ulikuwa wa baridi, nikajuta kuacha sweta. Kwa muda nilijiona niko nyumbani, vilima vile vile, udongo ule ule.

Kwa kina Neema tulipokelewa na mama yake, mwanamke mrefu aliyejifunga vitenge viwili. Nilimwamkia kwa shikamoo, jambo ambalo sisi wa kwetu hulisahau sana, kisha nikaharibu kila kitu kwa kusema, "Mama, nipatie maji ninawe."

Neema aliangua kicheko. "Msamehe, mama. Kwao hawasemi naomba, wao wanaamuru tu."

"Mwache mwenzio," mama alisema, akinimiminia maji mikononi. "Nawa, mwanangu. Ukiamuru chakula nacho kipo."

Mchana tulifika uwanjani. Ulikuwa uwanja wa shule, magoli ya miti ya mkaratusi, mistari imechorwa kwa majivu. Watu wa Galula walikuwa wamekwisha kufika kwa lori la Fuso, wanaimba. Ila mechi haikuanza. Mshika kibendera mmoja hakutokea, na kila upande ulikataa mtu wa upande mwingine. Ndipo nahodha wa Galula, dada mmoja mwenye mabega mapana aitwaye Sabina, akaninyooshea kidole.

"Huyu mwalimu Mkenya hana ndugu hapa. Ashike yeye."

"Mimi ni mgeni wa Neema," nilimwambia. "Nimekuja naye, na jioni nitakula kwao."

"Umetuambia mwenyewe bila kuulizwa," Sabina alijibu. "Basi wewe unatufaa."

Sheria nilizijua, kwani chuoni nilichezea timu yetu. Nikamtazama Neema, naye akaitikia kwa kichwa. Nikapewa kitambaa cha njano kilichofungwa kwenye fimbo.

Kipindi cha kwanza Galula walipata bao. Cha pili Iyula walishambulia kama watu waliopandwa na wazimu. Mechi ilipokaribia kwisha, winga wa Iyula alikimbia na mpira upande wangu, akaukokota hadi karibu na kona, akaupiga katikati. Neema aliruka, goti lile lile bovu, akaupiga kichwa. Wavuni! Nilimwona mama yake akirusha kitenge juu, akipiga vigelegele.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka. Kabla winga hajaupiga, mpira ulikuwa umevuka majivu wote mzima, hatua chache tu kutoka miguuni kwangu. Refa alinijia mbio. "Una hakika?"

"Ulitoka," nikasema.

Bao likakataliwa. Galula wakashinda moja bila. Watu wa Iyula walinizomea, nami nikasimama pale na kitambaa changu, nikiwaza nitalala wapi.

Jioni ile hakuna aliyenifukuza. Mama aliniwekea kiti jikoni karibu na moto, akaniongezea maharage. Lakini Neema alikula macho kwenye sahani, bila kunitazama, na hilo liliniuma kuliko zile kelele za uwanjani.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Sabina, na kuku mzima mkononi. "Mwalimu, watu wangu wanakushukuru."

Sikujua nicheke au nilie. "Dada, nikimpokea huyu, watu watasema mlininunua!"

Neema aliinua uso, akamtazama kuku, akanitazama mimi, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Mpokee uone kama hutarudi Tunduma kwa miguu!" Halafu akageukia mlango. "Sabina, mfungie kuku wako nje, ingia ule."

Hapo ubishi ukaanza upya, Neema akichora mstari kwa mkaa sakafuni, Sabina akiusogeza. Mama aliwasikiliza weee, mwisho akauliza, "Kwani mpira haukuingia golini?"

"Uliingia, mama, ila ulikuwa umetoka kwanza," Sabina alisema.

"Hayo ya kutoka ni yenu. Mimi nimemwona mwanangu ameruka, amefunga. Nimemwona kwa macho yangu."

Neema alijifuta uso kwa mkono, akasogea akaegemea bega la mama yake.

Jumapili, baada ya ibada, tulirudi na mfuko wa parachichi. Nilikuja ugenini nikidhani kazi ya mgeni ni kuwapendeza wenyeji. Watu wa Iyula walinipa kazi ngumu kuliko hiyo, kisha baada ya kuwaumiza bado wakaniwekea kiti na sahani. Sijui nitawalipa nini, na nadhani hawatarajii malipo.

Ndani ya basi, mama mmoja aliyekaa jirani nasi alimwuliza Neema, "Huyu ni nani wako?"

"Ndugu yangu," Neema alisema. "Ila ukiwa na kesi na umekosa, usimwite awe shahidi wako."