Bi Mada na Ukurasa wa Waliolala Pangoni

Kwenye kliniki ya meno, karani wa mapokezi aliitwa Bi Mada, na jina hilo alilitendea haki. Mgonjwa akianza kusimulia visa vya mkwe wake, yeye alimkatiza: "Jino lipi?"

Wagonjwa wakipungua, Bi Mada alihamia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea. Huko alisimamia makala kuhusu visa vya Kiislamu vilivyoanza kusimuliwa na Wakristo. Aliianzisha na shemeji yake, muuza magodoro. Shemeji ni Mwislamu, yeye Mkristo, kwa hiyo waligawana kazi bila ugomvi. Mwaka wa tatu sasa walikuwa wamekwama kwa wale vijana waliokimbia mateso wakalala pangoni miaka mia tatu.

Chini ya makala palikuwa na uwanja wa majadiliano, na sheria yake moja: taja namba ya aya ya makala, kisha zungumzia aya hiyo tu. Namba walitaja. Baada ya hapo kila mtu alishika njia yake.

"Aya ya tano," aliandika muuguzi. "Inasema walikuwa wakigeuzwa kulia na kushoto. Hongera kwao! Wodini kwetu tuko wawili zamu nzima, nani atamgeuza nani?" Yakafuata malalamiko ya mistari thelathini.

Fundi saa akauliza walijuaje saa walipoamka, akamalizia kwa ushauri wa betri. Lakini kiboko yao alikuwa shemeji.

"Aya ya tisa. Jiwe tupu, miaka mia tatu! Godoro langu la inchi nane lina dhamana ya miaka kumi, ila kwa vijana wale ningefikiria kuiongeza. Halafu leo chakula kimeungua tena, sufuria nimeitupa."

Jumatatu msimamizi mkuu wa kamusi akaja juu: "Hapa si kijiweni. Neno moja tena nje ya mada, ukurasa nafunga, na makala ibaki nusu."

Roho ikamruka Bi Mada. Miaka mitatu ya kuchambua vyanzo ipotee kwa ajili ya inchi nane? Akafuta soga zote. Za shemeji peke yake zilikuwa sitini na moja.

Muuguzi alinuna, kisha akarudi na chanzo kizuri cha aya ya tano. Fundi saa naye akajirekebisha. Ukurasa ukang'aa. Shemeji ndiye ambaye hakuandika kitu, Jumanne, Jumatano, wala Alhamisi.

Bi Mada alitakiwa kufurahi, na hakufurahi hata kidogo. Tangu wamzike dada yake, aliyekuwa mke wa shemeji, wawili hao hawakuwahi kupigiana simu, kila mmoja akiogopa kumliza mwenzake. Kule kwenye soga ndiko alikojua kama mwanamume yule amelala, amekula, au ameunguza sufuria nyingine. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amezifuta. Akajiona mjinga wa kutupwa.

Ijumaa asubuhi aliandika, namba kwanza kama sheria inavyotaka: "Aya ya tisa. Shemeji, umekula?"

Kabla ya saa sita ukurasa ulikuwa umefungwa. Fundi saa alimpigia Bi Mada simu, akacheka mpaka akapaliwa kwamba safari hii aliyetoka nje ya mada ni yeye.

Saa nane mlango wa kliniki ukafunguliwa. Muuza magodoro akaingia, shati halijapigwa pasi, akasimama mbele ya meza.

"Nimekuja kujibu," alisema. "Kule pamefungwa."

"Haya, jibu."

"Sijala, shemeji. Tangu jana."

Bi Mada akamsogezea chakula chake cha mchana na kumvutia kiti. Shemeji akaanza na bei ya sponji, akapita kwenye jiko linalovuja gesi, mwisho akafika kwa marehemu, akalia mdomo umejaa. Bi Mada naye akalia. Wagonjwa watatu walisubiri, mmoja shavu limemvimba, na hakuna aliyethubutu kuuliza zamu ni ya nani.