Siku Niliyoliliwa Nikiwa Chooni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mapema mmalize, maana mimi aibu yenyewe bado inanichoma na hasira haijanitoka hata kidogo.

Mjukuu wangu Neema anasoma chuo kikuu. Basi alilopanda na wenzake lilipinduka, rafiki aliyekaa naye akafa palepale, na tangu hapo mtoto akisikia kelele ya ghafla anatetemeka mpaka meno yanagongana. Huko chuoni mshauri wao akawafundisha kutafakari: unakaa chini, unafumba macho, unafuata pumzi yako tu. Alipokuja likizo hapa Milanzi akaniomba, "Bibi, nipatie nafasi na utulivu." Basi mimi na wema wangu nikatoa viti vyote vya sebuleni nikavipanga uani (sebule yangu ni finyu), nikazima redio, nikafukuza watoto, yeye akajifunika shuka maana baridi ya huku mnaijua, akakaa mkekani. Mimi nikaenda zangu chooni, nyuma ya nyumba.

Jirani yangu Mama Kristina akapita, akaona viti nje kama nyumba yenye msiba, redio kimya, akachungulia dirishani akamwona binti kaketi chini, kajifunika, kafumba macho. Unadhani aliuliza? Akaachia yowe, "Bibi yake Neema katuacha jamani!" na mara wanawake wa jumuiya wakajaa uani, huyu na unga, yule na kuni kichwani, wote wanalia, na mimi niko chooni nasikia ninavyoliliwa, tena Mama Kristina anasema katikati ya kilio, "Alikuwa na mdomo mkali, lakini moyo safi!"

Nikatoka. "Mdomo wa nani mkali?"

Wakatawanyika, kuni huku, unga kule. "Mama, si umekufa wewe?"

"Nimekufa saa ngapi bila kuambiwa?"

Wakaangua kicheko. Lakini ndani Neema alikuwa kajibanza pembeni, kaziba masikio, anatetemeka kama siku ile walipomtoa kwenye basi, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupata usingizi wa usiku tangu ile ajali, mtoto wa watu! Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Nikawafungia mlango, nikashuka mkekani na magoti yangu haya mabovu, naye akanishika mkono. "Vuta pumzi na mimi, Bibi." Tukavuta, tukatoa, mpaka mikono yake ikatulia, na huko nje Mama Kristina anazoa unga uliomwagika.

Jioni nikawakusanya wote wa nyumba yangu nikawaambia: "Kuanzia leo viti havivuki mlango huu mpaka nife kweli. Neema akikaa, mmoja wenu akae mlangoni, na Mama Kristina akija kuchungulia, aambiwe nipo."