Salamu za Stambuli Juu ya Baiskeli

Enzi za Mjerumani, reli ilipokwisha kufika Morogoro, Stambuli alikuwa tarishi wa boma, akipeleka barua misheni kwa baiskeli. Kwa mbio hakuwa na mwenzake. Ila kwenda polepole, weee! Akipunguza mwendo tu, chini. Na akishuka hawezi kupanda tena mpaka apate kichuguu cha kukanyagia.

Hapo ndipo posa yake ilipokwama. Alimtaka Furaha wa Bigwa. Mjomba wa binti alikwisha kukubali, akabaki bibi yake, Mwaisha mfinyanzi, aliyeanika vyungu kando ya njia. Kila siku Stambuli alimpita kama mshale.

"Mtu anayenipita bila shikamoo, mjukuu wangu simpi," akasema Mwaisha. "Hata aje amepanda tembo."

Furaha akamfuata Stambuli, akamkuta amelala kwenye mihogo, baiskeli juu yake. Akacheka mpaka akashika mti.

"Ukienda polepole unatazama nini?"

"Gurudumu. Lisinitoroke."

"Ndiyo maana! Mimi na mtungi kichwani nikitazama miguu, nimekwisha. Tazama unakokwenda, bwana."

Siku nane akajifunza: macho mbele, pedali akizikanyaga taratibu bila kuziachia, breki ya mkononi akiibana kidogo tu. Siku ya tisa, akirudi kutoka misheni, akaingia Bigwa mwendo wa kinyonga.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Za boma?"

"Njema."

"Mama yako?"

"Mzima, bibi."

Njia ikaanza kumwisha. Akakata kona, akavizunguka vyungu. Mwaisha akamwona, akazirefusha salamu makusudi.

"Na mbuzi wenu?"

"Wazima."

"Na yule mbuzi kilema?"

"Naye mzima, bibi!" Jasho linamtiririka. Gurudumu likakipita chungu kikubwa, nafasi ya kidole tu. Akazunguka mara ya pili. Mara ya tatu.

"Mvua huko kwenu?"

"Imenyesha!"

Hakuna chungu kilichovunjika. Mwaisha akajifuta udongo mikononi.

"Shuka ule, mume wangu. Umenitia kizunguzungu."

Furaha, aliyejibanza mlangoni, alipolisikia hilo "mume wangu" akaziba mdomo kwa kanga.

Stambuli akashuka, akala ugali akashiba. Alipotaka kuondoka akaangaza huku na huku: kichuguu hakuna. Mwaisha akainuka. Akaleta kinu chake, akakifudikiza pembeni mwa baiskeli, akakishika kwa mikono miwili kisiyumbe.