Chuma Changu Chini ya Pikapu ya Baba

Enzi zetu gari lilioshwa kuanzia chini. Najua mtanicheka, hasa nyie vijana mnaofuta vioo na kung'arisha matairi mpaka yanawaka, kisha mnajipiga picha mkidhani kazi imekwisha. Lakini wenzangu tuliokulia Handeni, wakati barabara ya Korogwe ilikuwa vumbi jekundu kiangazi na tope tupu masika, mtanielewa. Naandika haya maana yaliyonikuta wiki iliyopita uani kwangu sijayameza mpaka sasa.

Baba yangu alikuwa muuza chumvi. Aliifuata Tanga, ile chumvi ya mawemawe ya kwenye magunia, akaisambaza Kabuku, Kang'ata na kwenye magulio mengine kwa pikapu yake ya kijani. Chumvi hiyo ndiyo iliyotuvisha na kutusomesha, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiimaliza pikapu. Magunia yalivuja maji, maji yakapenya kwenye mbao za bodi na kutiririka hadi kwenye chesisi, ile mifupa ya chuma inayobeba gari zima. Baba aliiogopa kutu kuliko alivyoogopa simba wa porini, na simba enzi hizo walikuwapo kweli.

Basi kila aliporudi Tanga tulimpokea kwa "Shikamoo Baba" na ndoo ya maji mkononi. Tulikuwa watoto wanne: kaka yangu Mbwana, mimi, na wadogo zetu wawili. Magunia yakishashushwa, Baba aliipandisha pikapu juu ya mawe aliyoyapanga uani, nasi tukajipenyeza chini na makumbi ya nazi tukaanza kusugua. Tope lilitudondokea machoni, na chumvi ilituchoma kwenye vidonda vya magoti mpaka tunapiga kelele. Mpaka leo nikisikia harufu ya mlenda ukichemka naikumbuka na ile ya dizeli na tope lenye chumvi, kwa sababu vyote vilitoka upande mmoja wa ua.

Tukishaosha hatukupaka kitu. Gari lilikaa juani kutwa nzima likauke. Baba alikuwa na maneno yake aliyotuimbia kama sala: "Osha, kausha, gonga, ndipo upake." Tulipaka oili chafu iliyochanganywa na grisi, kwa brashi za katani tulizozifunga wenyewe kwenye vijiti. Nguo zetu za siku hiyo Mama hakuzifua pamoja na nguo nyingine. Tulikula makande jioni tukiwa na kucha nyeusi, na hakuna aliyeumwa tumbo.

Lakini kilichokuwa kitamu kuliko vyote ni kugonga. Kila mtoto alikuwa na chuma chake. Ulipewa nyundo ndogo ya Baba, ukaingia chini, ukakigonga chuma chako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuma kizima hulia, ngiii, sauti ikabaki masikioni. Kilicholiwa na kutu hakilii, husema pu, kikanyamaza. Baba alisimama nje mikono nyuma, hatuoni, anasikiliza tu. "Kinalia?" anauliza. "Kinalia!" unajibu kwa sauti ya shuleni, naye anamwita anayefuata. Changu kilikuwa cha nyuma kushoto, pale springi inaposhikwa, na nilikiringia kuliko daftari lolote nililowahi kuwekewa vema.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili sijawahi kumwambia mtu.

Jumamosi moja wasichana wenzangu walikuwa wakicheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, nyuma ya nyumba. Timu yetu ilibakiza mtu mmoja katikati, nao walikuwa wakiniita kwa jina, "Mwantumu! Mwantumu!" Zamu yangu ya kugonga ikafika. Chuma changu kilikuwa mbali kule nyuma, bado kina tope bichi ambalo nilitakiwa kulisugua mimi. Nikaingia upande wa mbele, nikakigonga cha Mbwana mara tatu. Kikalia vizuri. "Kinalia?" Baba akauliza. "Kinalia!" nikajibu, nikatoka, nikapitisha brashi ya oili juu ya lile tope, nikakimbilia rede. Na tulishinda, Mungu anisamehe, nilirudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake Baba na Mama walikwenda gulio la Kang'ata. Mama hakupenda kukaa mbele. Alikaa nyuma juu ya magunia ya chumvi, kanga imefungwa kichwani, akiamkiana na watu njia nzima. Pikapu ilipoingia kwenye korongo moja kile chuma changu kilikatika. Bodi ililala upande na magunia yakamporomokea. Tuliletewa habari saa nane mchana na mtu wa baiskeli. Mguu wa kushoto wa Mama ulivunjika mahali pawili, na tangu siku hiyo anatembea akiuburuza.

Sikuwahi kumwona Baba akilia kabla ya hapo. Alikaa kwenye kizingiti akirudia neno moja: "Nimelipaka halijakauka. Nimeliharakisha." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nguo ile ile ya rede mwilini, na mdomo wangu haukufunguka. Baba alizeeka akijilaumu, na akafa akijilaumu. Nyundo yake nikaomba niirithi. Wenzangu walidhani ni mapenzi ya mtoto kwa baba yake.

Wiki iliyopita ndugu zangu walilala kwangu hapa Korogwe. Shabani, mtoto wa kaka Mbwana, mke wake amejifungua kwao Lutindi, na tulipanga kumpandisha Mama akamwone kitukuu wake wa kwanza, kisha tuteremke na mzazi na kichanga. Shabani alikuja na gari lake jipya la abiria saba, jeupe kama yai. Ndani linanukia marashi. Chini amelifunga taa za buluu zinazomulika ardhi, na kwa miezi yote aliyolimiliki hajawahi kuinama kutazama taa zenyewe zimeshikizwa kwenye nini.

Asubuhi nilifagia ua kama kawaida yangu. Pale gari lilipolala nikakuta maganda ya kahawia yametapakaa mchangani, membamba, yanavunjika ukiyashika. Ufagio ukanitoka mkononi. Nililijua ganda lile kabla akili haijaniambia ni nini. Wenzangu walikuwa ndani wanamalizia chai, Mama ameshavaa, mkoba uko mapajani. Nikaingia jikoni nikaichukua nyundo ya Baba, ambayo siku hizi navunjia nazi, nikajifunga kanga kiunoni, nikalala chali chini ya gari nikiwa na gauni langu la shughuli.

"Shangazi, vipi tena?" Shabani akaja mbio. "Utachafuka bure. Hii chuma iko freshi, imepigwa dawa chini, nyeusi tupu!"

Kweli ilikuwa nyeusi. Dawa nzito kama lami ilikuwa imepakwa kila mahali, safi, inapendeza. Nikagonga mbele, kikalia kidogo. Nikasogea nyuma kushoto, nikagonga. Pu. Nikagonga tena kwa nguvu, na nyundo ikazama. Jamani, ikazama! Iliingia kwenye chesisi kama kijiko kwenye ugali, kipande cha lami kikaning'inia, na kutu ikanimwagikia usoni kapu zima. Nilibaki nimelala pale pale. Nilikuwa naiwaza milima ya Lutindi, zile kona, Mama ameketi ndani na kichanga mapajani.

Shabani aliingiza kichwa, akaliona tundu, akakaa chini mchangani na suruali yake nyeupe. Fundi aliyeitwa alizunguka akigonga, kila akipiga anatikisa kichwa. Alisema magari mengine ya mtumba, huko ng'ambo yanakotoka, hupita kwenye barabara zenye barafu, na ili barafu iyeyuke watu humwaga chumvi barabarani. Kisha mtu, hajui nani, alipaka dawa juu ya kutu bila kuiondoa. Nilipolisikia neno chumvi nilishika ukuta. Imevuka bahari kutufuata!

Mama alikuwa ametoka, amesimama na mkongojo wake, anaitazama ile nyundo. Hapo ndipo nilipovunjika. Nikamwambia yote mbele ya Mbwana na Shabani: rede, tope, chuma cha Mbwana, kila kitu. Nililia mwanamke mzima, na kutu inachuruzika mashavuni.

Mama alinisubiri nimalize. Kisha akasema, taratibu tu, "Nilikuona."

"Umesemaje, Mama?"

"Nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi. Ukikaa kwenye mbuzi unaona chini ya gari lote. Nilikuona unagonga cha Mbwana. Baba yako angekuchapa, na watoto wenzio walikuwa wanakuita. Nikasema ah, siku moja tu. Kesho yake nikapanda hivyo hivyo."

"Na Baba? Mbona hukumwambia?"

"Ningekutaja wewe," akasema. "Basi nikamwacha ajilaumu yeye. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu. Mguu haujaniuma siku nyingi."

Miaka yote hiyo nilimficha Mama jambo ambalo Mama alikuwa akinificha mimi, tukimtazama mzee wa watu akiinamisha kichwa kila tunapolitaja gulio la Kang'ata. Bado sijui nilie kwa lipi. Enzi zetu tulikuwa na mikono michafu na magari machakavu yaliyosikilizwa kila wiki, na uongo wa mtoto mmoja ulitosha kuharibu yote. Leo magari yanang'aa, na hakuna hata anayeulizwa swali la kumfanya adanganye. Ninaikumbuka ile sauti nje ya gari, mtu amesimama haoni, ametuamini, masikio yake ndiyo macho yake.

Mbwana alitafuta gari lingine la kukodi, la zamani, rangi imefifia, dereva mtu mzima. Shabani alikuwa wa kwanza kuinama kuchungulia. Mama alipofika mlangoni hakupanda. Aliuelekeza mkongojo wake nyuma kushoto.

"Nenda kakigonge," akaniambia. "Hicho ni chako."

Nikaingia chini tena na gauni langu lile lile. Nilikwangua tope kwa kucha mpaka chuma kikaonekana, nikakigonga kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Kinalia?" Mama akauliza kutoka nje.

"Kinalia," nikajibu, na safari hii nilikuwa nimekigonga.