Mkono wa Mzee Muderhwa

Kaka yangu Ladislas alipima mkono wa mtu kabla hata ya kumuuliza jina. Alimwambia ashike mpini wa raketi, kisha akapitisha kidole chake cha shahada kati ya ncha za vidole vya mtu huyo na kiganja. Kidole kikikaa sawasawa, mpini unamfaa. Kikibanwa, mpini ni mwembamba mno. Kikicheza, ni mnene. Wageni walicheka wakidhani ni utani, lakini yeye hakucheka.

Tulimzika mwezi wa sita, na hapa kwetu Nkanka watu bado wanakuja kutupa pole. Wote wanasema alikuwa mpole. Ni kweli, lakini mimi namshukuru Mungu zaidi kwa siku moja ambayo alikataa. Naiandika kwa ajili ya watoto wake, maana siku hiyo mkubwa wao alikuwa bado mchanga.

Alizaliwa Bukavu kama sisi sote, tukarudi Rwanda naye akaajiriwa kwenye uwanja wa tenisi kule Kamembe. Alisawazisha udongo na kuchora mistari kwa chokaa. Baadaye akajifunza kufunga nyuzi, na chama cha wachezaji kikampa kazi ya kuwachagulia watu wazima raketi. Aliifanya miaka minane bila lawama. Kisha akakosea. Maman Patricie, mama wa miaka arobaini aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kucheza, Ladislas alimchagulia raketi nyepesi kuliko zote kwa kumhurumia. Haukupita muda mrefu kiwiko cha yule mama kikaharibika, hata kuinua sufuria ikawa shida. Hakurudi tena uwanjani. Papa Kamali, rais wa chama, akamwambia Ladislas mbele ya watu: "Ukikosea tena mara moja, kazi imekwisha. Tutatafuta mwingine."

Miezi mitatu baadaye, siku ya Jumatano, Papa Kamali akamleta Mzee Muderhwa. Alikuwa fundi wa kushona suti, mtu wa Bukavu aliyehamia kwetu, shemasi kanisani, miaka sitini na miwili. Ujana wake wote alicheza tenisi. Jumamosi hiyo wazee wa kwetu walikuwa wacheze na wazee wa Bukavu, na Papa Kamali alimtaka Mzee awe wa kwanza kwenye orodha. Mkononi alishika raketi mpya kutoka Kigali.

"Hii njo yake," alisema, yaani ndiyo inayomfaa. "Inua uone, nyepesi sawa unyoya! Mzee anataka nini ingine? Weye funga nyuzi tu, ukaze sana."

"Papa Président, ngoja kidogo nimupime mukono."

"Unamupimia koti? Fundi njo yeye!"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mzee naye akacheka. "Pima, mutoto. Nimepima bantu maisha yangu yote, leo na mi nipimwe."

Mimi nilikuwa nimemletea kaka maharage na muhogo, nikakaa kando ya uzio nikingoja ale.

Ladislas akampa Mzee ile raketi. Mzee akaipokea kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto ukaushika ule wa kulia karibu na kiwiko.

Kwetu ndivyo mtu anavyopokea kitu kwa heshima. Mtoto anapokea hivyo kwa mzazi, na mdogo kwa mkubwa. Papa Kamali akapiga kofi. "Muone mushemasi! Anaheshimu hata batoto!" Mimi nami nikasema moyoni, huyu kweli ni mtu wa Mungu.

Ladislas alikuwa akiutazama ule mkono wa kushoto. Alikuwa na miaka thelathini na moja tu. "Mzee, unirudishie kidogo," akaomba. Mzee akairudisha, na mkono wa kushoto ukaenda palepale kwenye kiwiko. Nikaona uso wa kaka umebadilika.

"Papa Président," akasema polepole, "hii sifungi."

Ladislas akaingia chumbani, akatoka na raketi ya zamani yenye uso mpana, fremu inayopinda kidogo na uzito wake karibu na mpini. "Mzee achukue hii. Nitatia nyuzi laini, nisikaze."

Papa Kamali akaipima mkononi. "Lakini iko nzito! Unapatia mzee kitu nzito? Umesahau Maman Patricie?"

"Sijamusahau. Yeye nilimupatia nyepesi. Nyepesi na ngumu inatetemeka kila ukipiga, na ile kutetemeka inaingia kwa mukono." Akamgeukia Mzee. "Na Jumamosi Mzee asicheze."

"Asicheze?" Papa Kamali alikuwa anapiga kelele sasa. "Nani amekuweka kufukuza bachezaji bangu? Sema sababu, ao weka vyombo chini uende!"

Ladislas akamtazama Mzee Muderhwa. Mzee akatazama udongo. Kaka alikuwa na sababu mdomoni, nami niliona kwamba hataisema. Alikuwa na mke na mtoto mchanga nyumbani. Nikaanza kusali bila kufumba macho. Akavua aproni. Akaweka koleo la nyuzi juu ya meza, kisha mkasi.

"Kamali, acha mutoto," Mzee akasema.

"Mzee, usimutetee."

"Simutetei. Tangu Pasaka huu mukono umekufa. Nikikata kitambaa, machozi yanatoka. Uliniweka wa kwanza, ukanisifu kila pahali, nikaona haya kusema."

"Lakini ulipokea raketi vizuri! Na heshima yote!"

"Heshima gani, Kamali? Mutoto kama huyu nimupatie heshima ya nini? Nilikuwa nashikilia mukono usianguke!"

Hakuna aliyejua kama acheke. Papa Kamali akaenda zake akiwa na raketi yake ya Kigali. Ladislas akavaa tena aproni.

Jumamosi tulishindwa michezo yote isipokuwa mmoja. Papa Kamali hakumsalimia kaka wiki mbili, lakini hakumtafuta mwingine. Mzee Muderhwa alipumzisha mkono miezi miwili, kisha akaanza na ile raketi nzito, mipira kumi kwa siku, Ladislas akihesabu na kumsimamisha hata alipobisha.

Jioni ya ile Jumatano, tukirudi nyumbani kwa miguu, nilimuuliza kaka kwa nini hakujitetea.

"Ningesema nini?"

"Kwamba Mzee ni mugonjwa! Ungekosa kazi bure."

"Ule mukono si wangu niusemee," akasema. "Mwenyewe alikuwa pale."

Bwana ampe pumziko.