Mama Alipokwenda Nakwa Kuomba Radhi

Mama yangu alipoambiwa ana presha, alicheka.

"Presha ni ya watu wenye mawazo," alimwambia nesi wa zahanati. "Mimi nalima, nalala, sigombani na mtu. Itoke wapi?"

Nilikuwa nimempeleka kutoka kwetu Singe kwa ajili ya goti tu. Nesi akampima tena, kisha akavuta kiti. Alitueleza kwamba presha haiji kwa mawazo peke yake, wala haichagui wanene. Umri unachangia, chumvi inachangia, hata magadi tunayotia kwenye makande. Tena hutembea katika ukoo. Mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kuumwa chochote, mpaka mshipa wa kichwani uzibe au upasuke.

"Halafu?" mama aliuliza.

"Anaanguka. Upande mmoja unapooza, mdomo unapinda, hawezi kusema. Ndicho kiharusi."

Mama hakucheka tena. Bibi, mama yake mzazi, alianguka hivyohivyo shambani kule Mbulu. Ukoo mzima ulisema amerogwa na jirani, mwanamke waliyegombania naye mpaka wa shamba. Jirani yule alitengwa hadi akahama. Siku hizi anaishi kwa mwanawe hapa mjini, Nakwa, na mama akimwona sokoni alikuwa anabadili njia.

Jumapili, tulipotoka kanisani, mama akasema, "Twende Nakwa."

Tulimkuta yule jirani, sasa bibi kizee, mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

Alitutazama kwanza. "Marahaba."

Mama alibaki amesimama. "Tulikusingizia," alisema. "Mama yangu alikuwa mgonjwa, sisi hatukujua. Nimekuja kukuomba radhi."

Yule bibi aliendelea kuchambua. "Mume wangu alipokufa, hamkuja kuzika."

"Najua. Hata mimi sikuja."

Mama hakujitetea, hakutaja wakubwa waliomwambia asiende. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na moyo ulinijaa fahari mpaka nikashindwa kuinua macho. Wajomba zangu, wanaume wenye sauti kanisani, hakuna aliyewahi kuthubutu kuja pale.

"Kaeni," yule bibi alisema hatimaye. Tukanywa chai, mama akimsimulia habari za presha na dawa alizopewa na nesi. Baadaye akamuuliza mama, "Na hizo dawa, unameza?"

"Kila siku."

"Basi kesho mnipitie. Na mimi nikapimwe."

Kesho yake walitangulia njiani, wakiongea Kiiraqw cha kwao Mbulu kwa sauti ya chini. Nami nikafuata nyuma, nimebeba mikoba yao yote miwili.